Namna ya kuthamini mali za reli ya umeme, kwa mfano wa SGR ya Dar–Dodoma

Ukipewa nyumba ya Sinza uithamini, una majirani wa kulinganisha nao. Ile ya kona iliuzwa mwaka jana, ile ya nyuma imepangishwa, dalali anakutajia bei kabla hujamuuliza. Ukipewa reli ya umeme huna jirani. Hakuna aliyewahi kuuza SGR, reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na hakuna atakayeinunua kesho asubuhi. Kwa hiyo njia inayobaki ni moja: kujua ingegharimu kiasi gani kuijenga upya leo, kisha kupunguza kile ambacho matumizi, umri na mabadiliko ya teknolojia vimeshakila.

Kwa maneno ni jambo rahisi. Ugumu uko kwenye kuhesabu, na mwongozo huu umeelemea huko. Nimeuandika kwa ajili ya mthamini kijana, mhasibu wa shirika la umma au mhandisi aliyetupiwa kazi hii kwa barua ya mistari mitatu.

Hatua ya 1: Uliza thamani ni ya kazi gani

Usiguse kalamu kabla hujajibiwa. Mali ile ile, siku ile ile, ina thamani tofauti kulingana na swali. Bima inataka gharama ya kurudisha kilichoungua au kuzolewa na maji, kikiwa kipya, na ardhi haimhusu. Benki inataka kujua kinachoweza kushikwa na kuuzwa. Kampuni binafsi inayotaka kuendesha treni zake juu ya reli ya shirika itabishana nawe kuhusu njia na nyaya, kwa sababu tozo ya kupita itatoka humo.

Swali linalokuja mara nyingi zaidi ni la vitabu vya hesabu. Hapo unaongozwa na IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma. IPSAS 45, iliyochukua nafasi ya IPSAS 17 kuanzia tarehe 1 Januari 2025, inaruhusu mali za umma zipimwe kwa thamani yake ya sasa ya kiutendaji, yaani kwa kazi inayofanya na si kwa bei ambayo mnunuzi wa kufikirika angeitoa. Kwa reli, ambayo soko lake halipo, hiyo ni nafuu kubwa.

Kisheria, anayetia saini lazima awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Mhandisi anaweza kukusaidia kila hatua, lakini saini ni ya mthamini.

Hatua ya 2: Chora mpaka wa mali

Reli ya umeme ina wapangaji wengi. Umeme unaingia kwa msongo mkubwa kutoka gridi ya taifa, unapozwa kwenye vituo vya njiani, kisha unapelekwa kwenye nyaya za juu ya reli ukiwa na kilovoti 25. Kati ya nguzo za TANESCO na nyaya za Shirika la Reli, TRC, kuna mahali ambapo mwenye mali anabadilika. Mahali hapo hapaonekani kwa macho. Unaweza kukuta kituo chenye uzio mmoja na makufuli mawili getini. Ukiona makufuli mawili, simama. Omba mkataba wa kuunganishwa na gridi, na usome umiliki unaishia kwenye kifaa gani kwa jina: swichi, transfoma au sahani ya kuunganishia nyaya.

Fanya hivyo hivyo kwa madaraja ya barabara yanayopita juu ya reli, kwa nyaya za faiba zilizozikwa kando ya tuta, kwa maduka yaliyomo stesheni, na kwa mitambo ya mkandarasi ambayo bado ipo kambini. Mitambo ya mkandarasi hupendeza sana kuhesabiwa kwa kuwa ni mikubwa na imeegeshwa vizuri. Si yako.

Hatua ya 3: Beba daftari la mali, lakini usiliamini

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila shirika lina daftari la mali, na kila daftari lina uongo wake usiokusudiwa. Niliwahi kupewa daftari la taasisi moja, sitaitaja, lenye transfoma iliyoandikwa mara mbili: mara ya kwanza kwa namba ya kiwandani, mara ya pili kwa jina la kituo ilikohamishiwa. Mwaka mzima ilikuwa imechakaa kwenye kurasa mbili. Tuliigundua kwa sababu kijana mmoja wa timu alipanda, akapangusa vumbi kwenye kibati cha kiwandani, na kusoma namba kwa sauti.

Anza na urefu, maana makosa yake huzaliana. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro hutajwa kuwa kilomita 300. Lakini njia kuu humo ni kilomita 205, na 95 zilizobaki ni njia za kupishania na za kwenye stesheni na karakana. Morogoro hadi Makutupora, mbele ya Dodoma, hutajwa 422: njia kuu 336, nyingine 86. Jumla unapata kilomita 722 za reli iliyotandikwa, lakini safari yenyewe hadi Makutupora ni kilomita 541. Anayechukua 722 akazidisha kwa gharama ya tuta kwa kilomita ameshajenga kilomita 181 za tuta ambalo halipo, kwa kuwa njia ya kupishania iko kwenye tuta lile lile lililopanuliwa. Anayechukua 541 akazidisha kwa gharama ya reli na mataruma, yaani mihimili inayolaliwa na reli, ameng'oa kilomita 181 za reli iliyopo. Kila kitu kina urefu wake. Andika upi umeutumia wapi.

Vipo vitu vya kuhesabu kimoja kimoja, na vipo vya kukokotoa. Transfoma, vichwa vya treni, mabehewa, swichi za kubadilishia njia, madaraja na mahandaki ya upande wa Kilosa, vyote hivyo hesabu, piga picha, soma namba. Mataruma huwezi. Pima umbali kati ya taruma na taruma sehemu kadhaa. Yakiwa kila sentimita 60, kilomita moja ina mataruma kama 1,667. Reli ya kilo 60 kwa mita, mistari miwili, inakupa tani 120 za chuma kwa kilomita. Tarakimu hizo zinakulinda pale mtu wa stoo anapokuletea idadi isiyoeleweka.

Nguzo za nyaya, hesabu. Usigawanye urefu kwa mita 60 ukaridhika. Kwenye mnyooko nguzo huachana mbali, kwenye kona husogeleana, na ndani ya stesheni utakuta miundo inayovuka njia kadhaa badala ya nguzo. Kila nguzo ina kibao cha namba. Tembea na orodha, weka alama.

Na kwa kuwa tumefika kwenye nyaya: futi ya chuma iache hotelini. Kilovoti 25 hazihitaji uguse waya ndipo zikupate. Kusogea karibu kunatosha. Hakuna kipimo kinachochukuliwa juu bila kibali cha maandishi, umeme kukatwa, na nyaya kufungwa kwenye ardhi na mtu mwenye mamlaka hayo. Ukiambiwa "umeme umezimwa, panda tu", uliza uonyeshwe ulipofungwa.

Hatua ya 4: Gawanya kila kitu kwa maisha yake

Reli si mali moja. Tuta na daraja la zege huweza kufikisha miaka 100. Mataruma ya zege huhesabiwa miaka 40 hadi 50, transfoma 30 hadi 40, mabehewa 30 na kitu. Mfumo wa ishara na mawasiliano ukifika miaka 20 umekuwa mzee, hata kama bado unawaka taa. Ukivipakia vyote kwenye kapu moja la "miundombinu, miaka 50", utalichakaza tuta haraka mno na kuzidekeza kompyuta. Orodha ya vipande 30 au 40 inatosha; ukifika 200 unajitesa, na mhasibu atakayekurithi atakulaani.

Hatua ya 5: Tafuta gharama ya kuijenga leo

Mkataba wa ujenzi ni pa kuanzia. Kipande cha Morogoro–Makutupora, kwa mfano, kilisainiwa kwa takriban dola bilioni 1.92. Hiyo ni bei ya wakati ule, kwa masharti ya wakati ule, na ndani yake kuna vitu vilivyotoka nje na vitu vilivyochimbwa hapa hapa nchini. Mwaka 2017 dola ilikuwa shilingi 2,200 na ushei. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Ukichukua mkataba mzima ukauzidisha kwa dola ya leo, umepandisha hata mshahara wa kibarua wa Kilosa kwa dola, naye hakulipwa hivyo.

Tenganisha. Nyaya za shaba, transfoma, vifaa vya ishara, reli zenyewe: hivi fuata bei ya dunia na dola. Kokoto, saruji, udongo, vibarua: fuata bei za ndani. Shaba itazame peke yake, kwa sababu bei yake hupanda na kushuka bila kuangalia vitu vingine.

Ukitaka kujipima kwa kulinganisha na wenzako, chagua wa kufanana naye. Reli ya Mombasa–Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina upana ule ule wa milimita 1,435 lakini treni zake ni za dizeli. Kila nguzo, waya na kituo cha kupozea umeme uviweke kando kabla hujalinganisha gharama kwa kilomita. Ya Addis Ababa–Djibouti ni ya umeme wa kilovoti 25, kwa hiyo iko karibu zaidi. Hata hivyo tazama ardhi: reli inayopita tambarare haifanani na inayopenya milima kati ya Kilosa na Gulwe.

Jambo linalosahaulika ni gharama zisizoshikika: usanifu, usimamizi, majaribio ya treni kabla ya abiria, riba iliyolipwa wakati ujenzi unaendelea. Huwezi kuzipiga picha, lakini bila hizo reli isingekuwepo. Ugomvi huu ni wa zamani. Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, miji ilipokuwa ikibishana na kampuni za tramu za umeme juu ya nauli, kampuni zilitaka gharama hizo zihesabiwe kwa ukarimu na miji ikataka zifutwe. Mwaka 1913 Bunge la nchi hiyo likaagiza reli zote za kati ya majimbo zithaminiwe, na kazi ikachukua miaka mingi kuliko walivyodhani. Msimamo wangu: ziingize, lakini kwa kiwango ambacho mradi mpya unaosimamiwa vizuri ungetumia. Kilichopotea kwa ucheleweshaji na migogoro hakiongezi thamani ya kitu chochote kilichosimama uwanjani.

Hatua ya 6: Pima uchakavu, usiukisie kwa kalenda

Umri ni shahidi dhaifu. Reli huliwa na tani zinazopita juu yake, na kwenye kona huliwa upande, mapema kuliko kwenye mnyooko. Waya huliwa na idadi ya pantografu, ile mikono ya juu ya treni inayochukua umeme kwenye waya, zinazopita. Transfoma huzeeka kwa joto. Karatasi iliyozungushiwa koili zake ndiyo inayokufa kwanza, nayo huioni, kwa hiyo omba majibu ya maabara ya mafuta yake. Gesi zilizoyeyuka ndani ya mafuta hueleza kilichotokea ndani bila kuifungua.

Nikuonyeshe kwa waya, maana ndipo nilipoona watu makini wakikosea. Waya wa chini, ule ambao pantografu inauparuza, huja na ukubwa wa milimita za mraba 120 na kipenyo cha milimita 13.2 ukiwa mpya. Unavyoparuzwa, tumbo lake linakuwa bapa na kimo chake kinapungua. Tuseme mwongozo wa matengenezo unataka ubadilishwe kimo kikifika milimita 9.9. Umekatiwa umeme, umepanda na maikromita, umepata 12.1.

Wengi hukokotoa hivi: umeruhusiwa kupoteza milimita 3.3, umepoteza 1.1, basi theluthi moja imekwisha na asilimia 67 imebaki. Sivyo. Waya ni wa mviringo. Mwanzoni pantografu inagusa ukanda mwembamba sana, kwa hiyo kimo kinashuka haraka kwa shaba kidogo. Kadiri tumbo linavyokuwa bapa na pana, shaba ile ile inayoparuzwa inapunguza kimo polepole. Ukipiga hesabu ya eneo, milimita 1.1 za kwanza zimeondoa kama milimita za mraba 5.45, wakati hadi 9.9 zitakuwa zimeondoka 26.75. Ni asilimia 20 tu iliyotumika. Imebaki 80.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Chukua mfano wa waya unaogharimu shilingi milioni 40 kwa kilomita kuubadilisha, kwa kilomita 100. Asilimia 13 uliyoidondosha ni shilingi milioni 520, kwa sababu ya kusahau kwamba waya ni duara.

Pima sehemu nyingi, hasa karibu na stesheni ambako treni huondoka ikivuta umeme mwingi, na pale waya unapobadilishana na mwenzake. Wastani wa kilomita nzima huficha mita 40 mbovu, na mita 40 mbovu zinatosha kusimamisha treni.

Kwa tuta na makalvati, nenda baada ya mvua. Bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, limekuwa likiisumbua reli ya zamani ya mita moja kwa miongo mingi. Maji yameondoka na tuta si mara moja wala mbili. Reli mpya imejengwa kwa kuinuliwa na kupitishwa mahandakini, lakini mthamini asome ukuta wa kalvati: alama ya matope iko wapi, mawe ya kulinda kingo yamebaki mangapi, mchanga umejaza nusu ya tundu au robo. Hayo hayapo kwenye daftari lolote.

Hatua ya 7: Treni

Mchongoko, kama abiria walivyoibatiza ile treni yenye pua ya kuchongoka, ina injini zake chini ya mabehewa. Huwezi kuthamini kichwa peke yake na mabehewa peke yake. Seti nzima ni mali moja. Treni za kawaida zinazovutwa na kichwa cha umeme, tenganisha: kichwa kina maisha yake, behewa lake.

Pima kipenyo cha magurudumu, kisha linganisha na kipimo cha mwisho kilichoandikwa na mtengenezaji. Omba daftari la matengenezo makubwa. Behewa lililotoka karakana mwezi uliopita na pacha wake anayengoja kuingia si sawa, hata kama yalishuka meli moja. Vipuri vikubwa vilivyoko stoo, kama seti za magurudumu na transfoma za akiba, vihesabu kama mali za kudumu. Boliti na taa ni bidhaa za stoo.

Hatua ya 8: Kupitwa na wakati

Kitu kinaweza kuwa kizima na bado kikapoteza thamani. Mfano ulio wazi ni redio ya reli aina ya GSM-R, iliyojengwa juu ya teknolojia ya simu ya kizazi cha 2. Ulaya wanaandaa mrithi wake, FRMCS. Redio iliyofungwa juzi itafanya kazi, lakini miaka yake ya kupata vipuri ni michache kuliko miaka ya chuma chake. Fupisha maisha yake.

Kuhusu uwezo usiotumika, nenda polepole. Treni za abiria kati ya Dar na Morogoro zilianza Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huo huo. Njia iliyosanifiwa kubeba mizigo mizito haiwezi kuhukumiwa kwa miaka yake ya kutambaa. Punguza tu pale penye ushahidi kwamba sehemu fulani haitatumika hata mbele ya safari.

Hatua ya 9: Ardhi

Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais; unachothamini ni haki ya kuitumia. Njia ya kawaida ni kutazama ng'ambo ya uzio: ardhi ya jirani inauzwaje? Pugu utapata bei kwa mita ya mraba, Igandu utapata kwa ekari. Fidia zilizolipwa wakati wa kupisha ujenzi zisome kama kumbukumbu, usizibandike juu ya bei ya leo, maana ndani yake mna nyumba zilizobomolewa, mazao na gharama za kuhama. Miembe iliyokatwa mwaka 2017 haipo tena kuthaminiwa.

Hatua ya 10: Andika ili mwingine aweze kukukosoa

Ripoti nzuri ina kiambatisho kinene kuliko maelezo. Weka namba za nguzo ulizopimia waya, kilomita na mita, tarehe, kimo ulichosoma, na jina la kifaa. Weka kiwango cha dola ulichotumia na siku yake. Sema wazi vitu ulivyohesabu kimoja kimoja, na vile ulivyopata kwa kuzidisha. Kisha tenganisha kurasa mbili za jumla: moja ya gharama ya kujenga upya, nyingine ya thamani baada ya uchakavu, maana mtu wa bima atakuja kuomba ile ya kwanza bila kukuambia ni ya nini.

Nguzo ulizopimia zipake alama ya rangi chini, kwa ruhusa ya mwenye njia. Miaka mitano ijayo atakayekuja na maikromita yake aanzie hapo hapo.